Lodi wa Kibaoni na Neno "Ndani"

Ninyi mnaopeleka mpunga kukoboa kwa Lodi pale Kibaoni, sidhani kama mmewahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Mtu mmoja aliniambia ni jina la kiwanda kilichotengeneza injini ya mashine. Mwingine alisema ni kwa sababu malori hulodi mchele pale. Mwenye mashine mwenyewe, ambaye sasa ana mvi, anaitika "Lodi" tangu utoto wake. Mwanawe wa kwanza ameshaanza kuitwa Lodi Mdogo, kwa hiyo jina linarithiwa kama kawaida ya majina ya aina hiyo. Aliyelitoa ni mimi, miaka ya hamsini, kwa mzaha, na nina aibu nalo mpaka leo.

Mliponijia nyumbani, ninyi vijana mnaoanza kazi ya ukalimani mahakamani, mliniomba niwaandikie nilichojifunza katika miaka yangu ya kutafsiri maneno ya watu. Nadhani mlitaka mambo ya kuwafaa: mkalimani akae wapi, afanye nini shahidi akilia, afanye nini hakimu akichoka. Yatakuwemo. Lakini nikiandika hayo peke yake nitakuwa nawadanganya, maana mengi kati ya hayo niliyajua baada ya kumharibia mambo mtu ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Nilifika Ifakara nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu kule Uganda, nikarudi kabla ya kumaliza baada ya kugombana na mwalimu wa historia. Ugomvi wenyewe ulihusu malodi wa Uingereza. Mwalimu alitufundisha kwamba wako watu huko wanaokaa bungeni na kutunga sheria kwa sababu tu baba zao walikaa humo, na baba wa baba zao. Niliuliza kama daktari naye anarithi udaktari. Wenzangu walicheka. Niliuliza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka nikaitwa ofisini. Ndivyo nilivyokuwa. Nilihoji kila kitu kilichopita mbele yangu, nami niliamini hiyo ndiyo akili.

Ofisi yetu Ifakara ilikuwa ndogo. Wakubwa walikaa Mahenge, na kwetu alikaa afisa mmoja kijana wa Kiingereza, ambaye watu walimwita kama walivyowaita wote wa cheo chake, Bwana Shauri. Mkalimani niliyemkuta alikuwa Mzee Salehe. Alikuwa ameishia darasa la nne. Alijua Kindamba, Kipogoro, Kihehe na Kibena, na Kiingereza alichookota mwenyewe njiani.

Mzee Salehe alinichekesha. Shahidi alisema maneno mawili, yeye akatafsiri dakika tatu. Siku moja mvuvi wa Mngeta aliulizwa kama ana ugomvi na kaka yake. Mvuvi akajibu, "Tunasalimiana." Mzee Salehe akavuta pumzi, akamwambia Bwana Shauri kwa Kiingereza chake: anasema wanasalimiana, yaani hawali pamoja, yaani mmoja akiugua mwingine hendi kumwona, yaani moyoni kuna kitu lakini mkono hatamnyanyulia.

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. "Amesema hayo yote?"

"Ndiyo, Bwana. Amesema kwa ufupi."

Nilipoingia mimi, mvuvi akisema "tunasalimiana", nilisema kwa Kiingereza kwamba wanasalimiana. Bwana Shauri alifurahi. Shauri la asubuhi nzima likawa linamalizika kabla ya chai. Baada ya miezi michache Mzee Salehe aliondolewa mezani akapewa kazi ya kutunza funguo na kufungua lango. Hakuninunia. Alikaa kwenye benchi la nje akinisikiliza kupitia dirishani, na mara nyingine aliniita kunipa ushauri ambao sikuuomba.

Nawapa ushauri huo hapa, kwa kuwa ni wake wala si wangu. Kaa upande wa shahidi, usikae upande wa meza, maana mtu huzungumza na yule anayemwona karibu. Shahidi akisema "mimi", nawe useme "mimi"; ukisema "yeye anasema" umeshaanza kumshitaki. Usisafishe tusi. Usipolielewa neno, uliza mbele ya wote, hata kama utaonekana mshamba. Na unapomsomea mtu maelezo yake kabla hajatia sahihi, soma kilichoandikwa kwenye karatasi, usisome unachokumbuka. Hili la mwisho alilirudia mara nyingi. Nilimwitikia, "Ndiyo, Mzee," na akili yangu ilikuwa kwingine.

Sasa niwaambie habari za Bwana Kipimo.

Huyu alikuwa Mwingereza wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kusimika mbao zenye namba ndani ya mto Kilombero na vijito vyake, ili ijulikane maji yamepanda kiasi gani. Ndiyo maana watu walimwita hivyo. Hakukaa na Wazungu wenzake. Alijenga nyumba ya matofali mabichi karibu na Idete, akaishi humo na Apolonia, binti wa wakulima wa pale, aliyekuwa amesoma kidogo kwa masista. Walipata mtoto, Damiani. Mtoto alipofikisha miaka mitatu, kiboko aliupindua mtumbwi wa Bwana Kipimo wakati wa maji mengi. Bwana Kipimo akafa, wakamzika Idete. Apolonia alikaa eda yake kama wajane wengine, na hakuna aliyeshangaa.

Baada ya miezi kadhaa ikaja barua kutoka kwa mawakili wa London. Bwana Shauri aliisoma mara mbili, akaniita nikae, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akageuza fomu ya kodi na kuanza kuchora nyuma yake.

Juu kabisa aliandika jina la mtu mmoja wa zamani sana aliyempelekea mfalme farasi na watu wa kupigana. Mfalme akamshukuru kwa kumfanya Baroni Haldmore, yeye na wazao wake wa kiume waliozaliwa katika ndoa halali, vizazi kwa vizazi. Wa pili alikuwa mwanawe. Wa tatu alirithi akiwa mchanga akafa kabla ya kuota meno, cheo kikarudi nyuma kwa baba yake mdogo. Wa nne alizaa mabinti watano.

"Mabinti hawakupata?" niliuliza.

"Hawahesabiwi. Ilibidi watafute binamu. Alikuwa mchungaji wa kanisa dogo, maskini. Siku moja anahubiri, siku ya pili ni Lodi."

Wa sita alikuwa mzee asiye na mtoto, naye alikuwa amefariki majuzi. Kalamu ya Bwana Shauri ikarudi juu, ikashuka kwa kaka mdogo wa babu fulani, ikapinda kushoto, ikashuka tena, ikasimama. Mwisho wa mstari kulikuwa na jina la Bwana Kipimo. Lakini Bwana Kipimo alikuwa ametangulia kufa kabla ya yule mzee. Chini yake Bwana Shauri aliweka alama ya kuuliza.

"Kama aliacha mtoto wa kiume wa ndoa," alisema, "mtoto huyo ni Lodi wa saba tangu siku mzee alipofariki. Kama hakuacha, kinakwenda kwa binamu mmoja, nahodha mstaafu. Wanataka tuchukue maelezo ya yule mwanamke, kwa kiapo."

Nilitazama ule mti wa wino na kuona kila nilichombishia mwalimu wangu kimekuja chenyewe kuniangukia mezani. Mtoto wa Idete anayechezea matope kwenye majaruba, atunge sheria za Uingereza kwa ajili ya farasi wa mtu aliyeoza zamani. Niliona ni upuuzi mtupu. Mchana huohuo, kwenye mgahawa ambapo makarani tulikunywa chai, niliusimulia kwa mbwembwe.

"Ati mtoto wa Apolonia atakuwa nani?" aliuliza mwenye mgahawa.

"Lodi."

"Ndiyo nini?"

"Kwa Kiswahili ni Bwana."

"Bwana si yuko kanisani? Sasa sala tutaelekeza wapi, Mbinguni au Idete?"

"Na hao mabinti watano wasiohesabiwa," akadakia mama aliyekuwa anakaanga maandazi, "wao walizaliwa na nani, na mbuzi?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nikasema, "Mkimwona Lodi mwambieni apanguse kamasi, anaitwa bungeni." Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unalo jina hilo. Apolonia alilisikia kabla ya kusikia habari yenyewe.

Jumatatu alikuja ofisini. Alivaa kitenge cheusi na viatu vilivyopigwa brashi. Alimwamkia Bwana Shauri, akaniambia mimi, "Habari za kazi, karani," akakaa. Mimi nilikaa upande wa meza.

Bwana Shauri alimwapisha, akaniambia nimwulize marehemu alikuwa nani kwake. Nilimwuliza.

Alinitazama kama niliyemwuliza kama mto una maji. "Aliniweka ndani," alisema. "Padri anajua. Watu wote wa Idete wanajua."

Ninyi mmezaliwa hapa, mnajua alisema nini. Mtu akisema kijana fulani amemweka ndani binti wa fulani, mnauliza harusi ilikuwa lini na mbona hamkualikwa. Nami nilijua. Mama yangu mwenyewe alisema hivyo juu ya baba yangu. Lakini nilikuwa nimejizoesha kutafsiri neno kwa neno, na nilijivunia wepesi wangu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba alimweka ndani ya nyumba yake, padri anajua, na watu wote wanajua.

Bwana Shauri aliinua kichwa. "Alimfungia? Kama mfungwa?"

Nilicheka. Nikamwambia hapana, si hivyo, alimweka tu, alikaa naye. Akaandika. Lile neno aliloandika, kwa Kiingereza chao, likisemwa juu ya mwanamke lina maana ya hawara, yule anayelishwa na kuvishwa pembeni. Na "padri anajua" ikasomeka kama padri aliyefumbia macho aibu. Kila neno lilikuwa lake. Kwa pamoja yakawa habari za mwanamke mwingine.

Akaniambia nimwulize kama kulikuwa na ndoa halali kisheria.

"Unaulizwa kama mlifunga ndoa ya sheria."

"Sheria ipi?"

"Ya serikali. Hapa bomani."

"Hapa hatukuja. Tungekuja kufanya nini, na padri alikuwa kulekule?"

Nikamgeukia Bwana Shauri nikasema, "Anasema hapana."

Neno moja. Ile sentensi yote, na padri wake ndani, niliikata nikabakiza hapana. Naye Bwana Shauri alifurahi kama kawaida, kwa kuwa ilikuwa bado saa nne.

Kisha nikamsomea maelezo yake. Nilishika karatasi ya Kiingereza, lakini sikutafsiri kilichoandikwa. Nilimrudishia maneno yake mwenyewe kutoka kichwani: aliniweka ndani, padri anajua. Akaitikia, "Ndivyo." Angesikia nini kibaya? Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama masista walivyomfundisha.

Bwana Shauri alikuwa ametoka kunawa mikono. Apolonia hakuinuka mara moja.

"Karani, karatasi hii ndiyo itakayosema Damiani ni mtoto wa baba yake?"

"Ndiyo kazi yake."

"Hicho cheo mimi sikitaki. Wampe huyo nahodha, atakufa nacho. Waandike tu kwamba mimi nilikuwa mke. Dada yake marehemu huniandikia kutoka kwao, ananiita wifi. Nataka aendelee kuniita hivyo. Utawaambia?"

"Nitawaambia," nilisema.

Bwana Shauri aliporudi sikumwambia. Nilihesabu kwamba hayo si sehemu ya ushahidi.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Mzee Salehe aliniita kwenye benchi lake. Alikuwa anamenya muhogo wa kuchemsha.

"Mwanangu, juzi ulisemaje, kuwekwa ndani?"

Nikamwambia kwa Kiingereza, kisha nikamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba ndiyo tafsiri sahihi ya kila neno.

"Ya kila neno, sawa. Na yule mama umemwacha wapi?"

Nilitazama maganda ya muhogo miguuni pake.

"Umesema amewekwa kama kuku," alisema. Hakupandisha sauti. "Rudi ukamwambie Bwana Shauri umekosea. Atakuita mpumbavu, halafu atachukua karatasi nyingine. Mimi ameniita hivyo mara nyingi, na muhogo bado naula."

Nilisimama pale na jua likinichoma kisogo. Nilijua anasema kweli. Nilijua tangu Jumatatu, mama wa watu aliposema neno mke. Lakini ningekwenda kumwambia yule Mwingereza nini? Kwamba mimi wa chuo kikuu nimeshindwa neno ambalo Salehe wa darasa la nne angelifungua kwa "yaani" mbili? Nikajitafutia hoja, na kwa hoja sikupungukiwa. Nikajiambia malodi ni wizi uliozeeka. Nikajiambia mtoto yule ataharibiwa akichukuliwa kwenda kwenye baridi kufunzwa kudharau watu. Nikajiambia ni vizuri mti ule ukauke. Zote zilikuwa hoja nzuri, ningeweza kuzitetea mbele ya darasa. Hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba niliogopa kuchekwa.

Alhamisi asubuhi lori la posta la kwenda Kilosa lilikuwa nje likipakia. Bahasha ya mawakili ilikuwa mezani kwangu, imeshapigwa lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri, nasubiri tarishi aje kuichukua. Akaingia mzee mmoja mwembamba, suruali imelowa mpaka mapajani, viatu ameshika mkononi. Alikuwa Mzee Kasiani, katekista wa kigango cha bondeni nje ya Idete. Alikuwa ametembea tangu jana yake kwenye maji.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnaandika habari za Apolonia na marehemu. Mimi niliisimamia ndoa ile. Padri aliyewafungisha aliugua akarudishwa kwao, na huko tumesikia amefariki. Kitabu kilikuwa kwenye kabati la kigango, na kigango unajua kilikwenda na maji. Kimebaki kichwa changu. Nimekileta."

Kiwiko changu cha kushoto kilikuwa juu ya bahasha. Lakiri ilikuwa bado inanuka.

"Karatasi zimeshaondoka, Mzee," nilisema.

"Zimeondoka? Lini?"

"Jana."

"Lori la posta si huwa Alhamisi? Ndilo lile nimelipita hapo nje."

"Hizi zilikwenda na gari la Bwana Shauri."

Angeweza kuniuliza zaidi, lakini mtu wa namna yake hakumdhania karani wa serikali kwamba anadanganya huku akimwamkia shikamoo. Alisema, "Basi nimechelewa mimi. Maji ya mto Lumemo yalinizuia, ningevuka usiku." Akatoka, akakaa kwenye ngazi akavaa viatu vyake, akaenda. Dakika chache baadaye tarishi alichukua bahasha, na nikalisikia lori likiondoka. Kupitia dirishani nilimwona Mzee Salehe akifunga lango nyuma yake. Hakunitazama. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwenye benchi, mpaka alipostaafu.

Jibu lilipokuja, lilikuja na kipande cha gazeti la kwao. Cheo kimekwenda kwa nahodha. Juu ya Bwana Kipimo kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba alifariki Afrika bila kuacha mtoto wa ndoa. Bwana Shauri aliniambia nikamjulishe yule mwanamke. Nilikwenda Idete kwa baiskeli, nikamwambia cheo amepewa nahodha kwa sababu ya utaratibu wao. Ule mstari niliuacha gazetini. Alisema, "Nilijua. Nami nimeandikwa vizuri?" Nikasema ndiyo.

Barua za wifi yake zilikoma. Mtoto alipopelekwa shule, palipotakiwa jina la baba mwalimu aliacha wazi, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba serikali imechunguza na kukuta hapakuwa na ndoa. Watu waliokula pilau la harusi ile walianza kusema hawakumbuki vizuri. Na watoto wenzake walipotaka kumwudhi Damiani, walikuwa na jina tayari, lililotengenezwa na karani msomi akiwa anakunywa chai. Miaka ikapita, udhia ukaisha makali, jina likabaki. Sasa limeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani Kibaoni.

Nilifanya kazi hii miaka mingi baadaye, chini ya bendera mbili. Niliona mashine za kuchapa zikija, vinasa sauti vikija, mahakimu wetu wenyewe wakija. Nilibadilika. Nilianza kukaa upande wa shahidi. Shahidi akisema maneno mawili, mimi nilisema kumi, mpaka hakimu mmoja akanipa jina la Mzee Yaani, na mawakili wakalichukua. Nililipokea. Sikumwambia yeyote kwamba jina hilo lilikuwa la mtu mwingine kabla yangu.

Lakini kutoka ofisi ile ya kwanza nilihama na kitu kimoja kisicho changu, nakala ya kaboni ya maelezo ya Apolonia. Nilihama nayo kila kituo, chini ya nguo. Miaka michache iliyopita, baada ya kumzika mke wangu, niliikunja nikaitia mfukoni nikapanda baiskeli kwenda Kibaoni.

Bibi Apolonia anakaa nyuma ya mashine ya mwanawe. Nilimkuta kwenye mkeka anapepeta mchele. Macho yake ni mabovu, masikio mazima. Nilimwambia mimi ni nani. Alisema, "Karani," akaendelea kupepeta. Nilimwambia nimekuja kumsomea karatasi yake, kwa sababu mara ya kwanza sikuisoma.

Mashine ilikuwa inanguruma. Akaita, "Damiani, zima hiyo."

"Mama, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Zima."

Wateja waliguna, mmoja akauliza kama Lodi leo amegoma. Mashine ikanyamaza, na Damiani akaja akasimama mlangoni, pumba zimemjaa nyweleni mpaka kwenye kope. Nikasoma. Nilisoma kilichoandikwa, pole pole, kwa Kiswahili ambacho kingemwelea mtu yeyote: kwamba alikuwa mwanamke aliyewekwa na marehemu nyumbani mwake, kwamba padri alilijua jambo hilo, kwamba alipoulizwa kama kulikuwa na ndoa halali alijibu hapana. Chini, jina lake, herufi moja moja.

Mikono yake iliendelea kupapasa mchele kwenye ungo, ikitafuta mawe.

"Nilisema hivyo?"

"Hapana. Niliandikisha hivyo mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla karatasi haijaondoka." Nikamwambia yote, Mzee Salehe na muhogo wake, bahasha chini ya kiwiko, na Mzee Kasiani aliyekuja ameshika viatu.

Hapo mikono ikasimama. "Kasiani alikuja?"

"Alikuja. Alikuwa amelowa mpaka hapa. Bahasha ilikuwa mezani."

"Aliniambia alichelewa," alisema. "Nilidhani aliogopa Wazungu. Nilimnunia. Nilimnunia mpaka anakufa, sikwenda hata kumzika."

Damiani alifungua mdomo, mama yake akainua kiganja, naye akaufunga. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimejiandaa, Mungu anisamehe, hata kwa msamaha. Nilimwambia naomba radhi. Nilimwambia mara mbili.

Aligeuza uso upande nilipokuwa, na yale macho yasiyoona.

"Nimekusikia," alisema. Kisha akamwambia mwanawe, "Washa mashine. Watu wanasubiri."

Nilipanda baiskeli nikarudi nyumbani. Njiani nilitamani kuongeza "yaani" baada ya neno lile, "nimekusikia". Miaka yote ile nimefungua maneno ya watu, ningeweza kulifungua na hilo likatoa kitu cha kunifaa. Sikufanya hivyo. Mkiulizwa, ninyi vijana, yule bibi alimjibu nini karani, semeni alisema amemsikia, na msiongeze kitu.